Chaza wa Marehemu Nyakeu

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, binamu yangu Apolonia aliingia majini hadi magotini na kuwasalimia chaza wake kwa kivuli. Alinyoosha mkono juu ya maji akaupitisha polepole, na kivuli kilipomfikia chaza, alijifumba. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi ishirini na tatu, mstari mzima ukifumba midomo kama watoto waliofumaniwa wakilamba sukari. Akifika mwisho aligeuka kuanza upya, maana yule wa kwanza alikuwa ameshafumbua. Mimi nilimtazama kutoka barazani kwangu, popoo shavuni.

"Wewe! Wamekwambia nini leo?"

"Wanasema umezidi kunenepa."

"Waambie mwanamke anayesalimiana na konokono hapati mume wa pili."

"Waambie mwenyewe, mdomo si unao?"

Mama yangu na baba yake walizaliwa tumbo moja, na hapa visiwani Manus watoto wa kaka na watoto wa dada ni watani wa kufa na kuzikana. Naweza kumwambia Apolonia maneno ambayo mtu mwingine akiyasema atapigwa kafi la kichwa. Yeye naye ananijibu, na kusema kweli hunishinda mara nyingi kuliko ninavyokubali.

Chaza ninaowasema si hawa wa kuokota na kutia mfukoni. Ni wale wakubwa, magamba yao yamejikunja marinda marinda kama sketi ya shule. Kila nyumba yenye heshima kisiwani kwetu ina bustani yao mbele yake, pale maji yanapopwa na kujaa, imezungushiwa ukuta wa mawe. Mwanamke huwatoa mwambani wakiwa wadogo, huwapanga karibu na nyumba, huwaacha wakue, halafu humwachia binti yake. Huliwa siku za tufani ambapo hakuna anayeweza kuvua, na siku za karamu. Aliye ndani ya ukuta ni wako. Ukimtoa nje ya ukuta si wako tena, ni wa mwenye maji, kwa kuwa hata bahari yetu ina wenyewe, ukoo kwa ukoo.

Bustani ya Apolonia ilikuwa ya marehemu mama yake, Nyakeu. Katikati yake alikaa chaza mmoja ambaye Nyakeu alimweka mwaka alioolewa, wakati huo akiwa saizi ya kisahani. Sasa wanaume wawili hawamwinui. Tulimwita Bwana Harusi. Nyakeu alipokuwa anakata roho, na mimi nilikuwepo, hakuzungumzia nyumba wala minazi. Alimshika binti yake mkono akasema, "Siku ya kunimalizia matanga, usiwape watu samaki wa kopo. Samaki wa kopo ni chakula cha watu wasio na bahari."

Apolonia akaapa. Kwetu matanga humalizwa kwa karamu baada ya mwaka na zaidi. Mpaka siku hiyo binti hakati nywele, haendi ngomani, na jiko la marehemu haliwashwi moto. Karamu ile ilipangwa iwe mwezi wa sita, na kila ndugu wa Nyakeu angewekewa chaza mbele yake. Nami nilikuwa na kazi yangu. Chakula kikishagawiwa, mtani husimama na sahani mkononi, akamsema mwenye karamu mbele ya watu wote, ubahili wake, uvivu wake, kila kilichopungua, mpaka watu washike mbavu. Ni heshima kubwa na watu huisubiri kuliko chakula chenyewe. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya maneno yangu.

Joto lilikuja bila kelele. Mwishoni mwa Januari upepo ulikata na bahari ikalala. Asubuhi imelala, mchana imelala, jioni hata kikunjo kimoja hakuna. Mawingu yalisimama mahali pamoja siku nzima na mengine kama hayo yakasimama chini ndani ya maji, na ukitazama sana hujui yapi ni yapi. Mtu akikohoa mwisho wa kisiwa unamsikia. Tulitembea kama watu walioamshwa kabla ya kumaliza ndoto, tukaongea taratibu, tukasahau katikati ya sentensi tulichotaka kusema. Maji yakipwa mchana yalikuwa vuguvugu, ya kumwogeshea mtoto mchanga. Tena tuliyafurahia, wajinga sisi! Tulikaa humo hadi shingoni, tukatafuna popoo na kupiga soga.

Apolonia ndiye aliyegundua. Asubuhi moja alipitisha kivuli chake na chaza wa tatu akachelewa kufumba. Siku ya pili walichelewa sita. Siku ya nne aliniita.

"Pondrilei! Hebu njoo uone, mimi macho yangu siyaamini."

Mdomo wa chaza mzima ni rangi ya asali, wenye madoa ya buluu na kijani yanayometameta. Niliinama nikaona kingo zimepauka. Wiki iliyofuata walikuwa weupe kabisa, weupe unaong'aa, kila mmoja kama amemeza taa. Naona aibu kukiri kwamba nilidhani ni uzuri. Nilisimama pale nikawatazama kwa muda mrefu kama mtu aliyelewa.

Ndipo mdomo wangu ukaniponza. "Nani kawapaka chokaa?" nikasema. "Labda mzee Kondrau kaja kukumwagia kibuyu kizima. Anakutaka yule, hajui tu aanzie wapi."

Kondrau alikaa nyumba tatu kutoka kwetu. Alikuwa mjane mkimya, mkali, kazi yake kuchoma matumbawe ufukweni na kutengeneza chokaa ya kutafunia popoo. Kisiwa kizima kilitafuna chokaa yake. Zamani yeye na Nyakeu waligombana kwa sababu ya mpaka wa maji na hawakusalimiana tena. Nilitania tu. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona Apolonia hacheki. Alikuwa akiutazama ufuo ule uliojaa vumbi jeupe.

Mchana ule alikwenda akasimama mbele ya tanuri la Kondrau.

"Ulimshindwa mama yangu akiwa hai, sasa unawapiga chaza wake? Chokaa yako itie kaburini kwako!"

Kondrau alikuwa ameshika koleo. Alimtazama, akatazama bahari, akaendelea kukoroga makaa yake. Hilo ndilo lililomponza zaidi, maana mtu asiyejibu kwetu huhesabiwa mwenye hatia. Kufikia jioni habari ilikuwa imezunguka nyumba zote. Watu wakaacha kuchukua chokaa yake, wakawa wanaagiza ya sokoni mjini Lorengau, ambayo inachoma ulimi. Mimi nilisikia yote hayo nikanyamaza. Niliona haya kusema kwamba uvumi ule nilikuwa nimeuzaa mimi, kwa mzaha, nikiwa nimejaa popoo.

Ukuta wa bustani ulikuwa na mlango upande wa bahari, upana wa ngalawa moja, wa kupitishia maji. Apolonia akaamua kuuziba ili mtu asipate pa kuingilia. Nilimsaidia siku tatu kubeba mawe. Tuliinua ukuta wote futi moja zaidi, na mlango tuliuziba vizuri hata mkono haupenyi. Nilijisifu sana kwa kazi ile. Kisha Apolonia akatoka nje mwambani akakuta chaza wengine wadogo nao wameanza kupauka, akawabeba mmoja mmoja kwenye beseni akawaleta ndani. Kwetu mgonjwa haachwi nje, huletwa karibu na nyumba, watu wamwone.

Walizidi kupauka. Maji ndani ya ukuta yalisimama kama ya kwenye sufuria. Apolonia aliacha kwenda shambani, akaketi kutwa nzima majini kwenye kigoda, kanga kichwani, akipitisha kivuli cha mkono wake juu ya midomo ile myeupe. Haikufumba. Nikimpelekea sago na samaki alikula vijiko viwili akanirudishia.

"Nimemwota mama," aliniambia siku moja. Alizungumza bila kunigeukia. "Nililala mchana kidogo tu. Alikuwa amekaa hapo, pale alipo Bwana Harusi, maji yanamfika kifuani. Unakumbuka mdomo wake ulivyokuwa mwekundu kwa popoo?"

"Nani asiyeukumbuka? Ulikuwa mwekundu hata kanisani."

"Ulikuwa mweupe, Pondrilei. Akawa ananiambia kitu, naona midomo inacheza, sauti siisikii."

Nilikaa naye pale mpaka maji yakatufika mapajani, jua likitembea chini yetu mchangani, na wote wawili tukawa kama tumo ndani ya ndoto ileile.

Kesho yake wawili walikufa. Chaza akifa hahitaji kutangazwa, hubaki wazi, na harufu yake hufika nyumbani kabla ya habari. Baada ya siku tatu wakafa wengine watatu. Hapo nilimtumia ujumbe binti wa Apolonia, Bibiana, aliyekuwa akifanya kazi ofisi ya uvuvi Lorengau. Alikuja na boti ya injini siku iliyofuata, mkoba begani, na hakupitia nyumbani. Aliingia bustanini na viatu vyake. Akasimama. Akachota maji kwa kiganja akayamwaga.

"Mama, haya ni maji ya chai."

"Ni joto tu, mwanangu. Shida ni Kondrau na chokaa yake."

Bibiana alitoa kipimajoto mkobani, akakizamisha kwa kamba karibu na Bwana Harusi, akasubiri. "Nyuzi thelathini na tano," akasema. "Hakuna chokaa hapa, Mama. Ingekuwa chokaa ningeiona mchangani. Kaa chini nikueleze."

Apolonia akakaa kwenye kigoda chake, nami nikasogea.

"Chaza ni mkulima kama wewe," Bibiana akasema. "Ndani ya mdomo wake anafuga vijimwani vidogo, maelfu kwa maelfu, kwa macho huvioni. Ile rangi ya asali ni yao. Vinakula jua, vinatengeneza sukari, vinamlisha mwenye nyumba. Naye anavipa pa kukaa. Ndiyo maana anashinda kajifunua juani vile. Analimisha."

"Sasa vimekwenda wapi?"

"Kavitema. Maji yakipata joto kupita kiasi, vijimwani vinaharibikiwa, badala ya sukari vinatoa sumu. Mwenye nyumba anaona bora ashinde njaa. Huo weupe unaouona ni nyama yake yeye mwenyewe, Mama. Shamba limebaki tupu."

"Kwa hiyo hawa…"

"Hawa hawajafa. Wana njaa. Wakipata maji baridi mapema, vijimwani vichache vilivyobaki vitazaana tena. Wakikaa humu wiki mbili zaidi utawazika wote." Akageuka kuutazama ukuta. "Na huu mlango kauziba nani?"

Nilijifanya kutafuta chokaa kwenye kibuyu changu.

"Mimi," Apolonia akasema. "Mimi na mjomba wako." Kisha akainuka, akashika jiwe la kwanza la juu na kulitupa nje. Alilia huku akitupa, kwa sauti, bila kujificha. "Nimewapika! Nimewapika chaza wa mama kwa mikono yangu!"

Tuliubomoa mlango wote mchana ule. Lakini hata maji yaliyoingia kutoka nje yalikuwa vuguvugu, mwamba mzima ulikuwa hivyo. Bibiana alizunguka na kipimajoto chake kwenye ngalawa mpaka jua likaanza kushuka, na alipata mahali pamoja tu. Pale mwamba unapokatika, maji ya kilindi hupanda kutoka chini, ya buluu iliyokolea, na ukizamisha mguu unashtuka. Kuna ukingo wa mchanga chini yake, kina cha pima nne.

Apolonia akacheka kicheko kibaya. Pale palikuwa maji ya ukoo wa Kondrau tangu babu wa babu yake. Mpaka ule ule waliougombania.

"Sikiliza," nikamwambia, na nilisema kwa nia njema. "Tuwale sasa. Tuite ndugu wiki ijayo, tumalize matanga mapema. Nadhiri yako itatimia na mimi nitapata kukutukana kabla sijazeeka."

"Nimsindikize mama yangu kwa chaza wagonjwa?"

"Ukiwapeleka kule si wako tena. Kondrau anaweza kuwala wote siku ya Jumapili, na mwezi wa sita utasimama mbele ya watu mikono mitupu. Unalijua hilo?"

"Nalijua." Alikuwa akimtazama Bwana Harusi. "Wakiwa hai kwa Kondrau, wako hai."

Alikwenda mwenyewe kesho yake saa nane, wakati watu wanapumzika chini ya nyumba na kila jicho liko ufukweni. Mimi nilimfuata hatua kumi nyuma, miguu mizito. Kondrau alikuwa amekaa kando ya tanuri lililozimika. Hakuwa na sababu ya kuliwasha.

Apolonia alichuchumaa mbele yake. Akatoa popoo yake na jani lake la tambuu, akaviweka kinywani, akanyoosha mkono.

"Naomba chokaa."

Kondrau alikitazama kile kiganja. "Haikuunguzi? Si nimeambiwa naua nayo?"

"Nilikukosea, kaka. Lilikuwa joto. Binti yangu kapima. Nimekutukana bure mbele ya watu, na mbele yao nakuomba radhi."

Alimpa kibuyu. Apolonia akachovya kijiti, akalamba chokaa, akatafuna taratibu, uso wake umeelekezwa kwa zile nyumba ili kila mtu amwone. Kisha akatema, nyekundu kabisa, kwenye mchanga mweupe.

Nilijua zamu yangu imefika, na ningetoa kila nilicho nacho isifike. "Mzee Kondrau," nikasema, "yale maneno yalianza kwangu. Nilikuwa natania."

"Najua," akajibu. "Kisiwa hiki chote, mdomo usio na kufuli ni mmoja." Apolonia akanigeukia. Macho yale sijayasahau mpaka leo.

Kisha akamwomba Kondrau ule ukingo wa mchanga.

"Wakiingia kwangu ni wangu," Kondrau akasema.

"Najua."

"Na Bwana Harusi?"

"Naye."

Kondrau akakuna shingo yake kwa muda mrefu. "Mama yako alikuwa na kiburi sana," akasema mwishowe. "Waleteni maji yakijaa. Msiwatoe majini, watakufa njiani. Waning'inizeni."

Tuliwaning'iniza kwenye nyavu chini ya ngalawa, wanne wanne, tukapiga makafi polepole. Kwa Bwana Harusi tulifunga ngalawa mbili kwa miti. Kondrau alizama mwenyewe kumpitishia kamba chini. Ilikuwa kama saa tatu asubuhi, bahari kioo. Nilivaa miwani ya kuzamia nikalala kifudifudi, uso majini, ili niangalie kamba zisikatike. Chini yangu ulielea ule mdomo mweupe, mkubwa kama dirisha, ukitangulia juu ya matumbawe meupe na vivuli vya samaki. Kisha mwamba ukakatika na chini yetu pakawa buluu tupu. Baridi ilinipiga shavuni. Tulilegeza kamba, akashuka, akashuka, akizungukazunguka taratibu, na weupe wake ukawa mdogo kama sahani, kama kisahani, saizi ile aliyokuwa nayo Nyakeu alipomweka. Sikutaka kuinua uso.

Wengine walitufia baadaye, sitasema uongo. Lakini upepo ulirudi mwishoni mwa Aprili, mvua zikaja, na watu wakaanza tena kutembea haraka na kugombana. Kisiwa kilirudia chokaa ya Kondrau. Apolonia hakuwa tena na wa kumsalimia mbele ya nyumba. Alipiga kafi kila asubuhi hadi kwenye ule ukingo, akalaza tumbo kwenye ngalawa, akatazama chini. Kina kilikuwa kirefu mno kwa kivuli cha mkono. Mara mbili alimkuta Kondrau akiwarushia mawe vijana waliokuja kuzamia pale. Wiki nyingi zilipita kabla hajanirudishia utani wangu. Nilikuwa nikipiga kelele kutoka barazani na hakuna jibu, na sikujua kwamba kimya cha mtu mmoja kinaweza kukaa ndani ya nyumba yako namna ile.

Siku nne kabla ya karamu tulikwenda wote, yeye, Bibiana, Kondrau na mimi. Jua lilikuwa nyuma yetu. Ngalawa ilipopita juu ya ukingo, kivuli chake kilishuka kikatambaa juu ya mchanga, na chini kule, mmoja akajifumba. Akafuata wa pili. Tulihesabu kwa kunong'ona kama watu walio kanisani. Kumi na saba walijifumba, na wa mwisho kabisa, kwa uvivu wa kizee, Bwana Harusi.

Kondrau alizama. Aliporudi juu alishika ubavu wa ngalawa akapumua. "Ana asali chini ya mdomo. Hivi." Akaonyesha upana wa dole gumba. "Kingo bado nyeupe." Akafuta maji usoni. "Wangapi unataka?"

"Kwani ni wangu?"

"Nimekuuliza wangapi."

Apolonia akamtazama binti yake. "Wakoje?"

"Wamekonda, Mama. Ndiyo kwanza wanaanza kula. Wanahitaji mwaka hivi."

Alilaza shavu lake kwenye mbao za ngalawa, mkono mmoja majini. Alikaa hivyo kwa muda mrefu sana, na mkondo ukatupeleka pembeni, na Kondrau akaturudisha kwa kafi. Nilijua anaongea na nani.

"Waache," akasema.

"Na nadhiri?" nikamuuliza.

Aliinua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya chokaa kunitazama kama mtani wake. "Wewe kaandae matusi yako," akasema. "Mwaka huu utashiba."

Siku ya karamu walikuja ndugu wote wa Nyakeu, ngalawa kwa ngalawa. Jiko la marehemu liliwashwa, moshi wake ukapita katikati yetu, na wazee wa kike walioujua moshi ule walifuta macho. Kulikuwa na sago ya kukaanga, nazi, magimbi, nguruwe mmoja. Na mbele ya kila ndugu, mahali pa chaza, Apolonia aliweka kwa mikono yake kopo la samaki.

Watu mia walitazama makopo, kisha wakatazamana. Walizoea kuiona sahani ile kwenye karamu za watu wa bara, na kila mtu aliyajua maneno ya mwisho ya marehemu. Apolonia alisimama katikati, nywele zake za matanga zikiwa bado zimemfika mabegani.

"Mama alisema nisiwape samaki wa kopo," akasema. "Nimempinga mama yangu. Chaza wake wako hai, lakini wana njaa, nami siwezi kumtoa mwenye njaa nikamfanya kitoweo. Anisamehe. Nanyi mnisamehe." Akakaa.

Kisha watu wote wakanigeukia mimi.

Nikasimama na sahani yangu. Kopo lilikuwa limefunguliwa na kumiminwa humo, mafuta mekundu yameelea juu. Nilikuwa na maneno, tena mazuri, ya miezi mingi. Binti mwenye bahari analisha watu kopo! Maneno yalikuwa yamejipanga ulimini, watu wameshaanza kutabasamu, na mjomba wa Nyakeu alikuwa ameshashika mbavu tayari. Kondrau alikuwa ameketi karibu na mlango, kibuyu magotini, akinitazama. Apolonia alinyoosha mgongo na kufumba midomo, kama mtu anayengoja kumwagiwa maji.

Samaki wa kopo sikuwa nimewagusa maisha yangu yote. Harufu yao tu hunitia kichefuchefu. Nikachukua kipande cha kwanza kwa vidole nikala, nimesimama vilevile. Nikala cha pili na cha tatu. Nikakombeleza mafuta kwa sago mpaka sahani ikang'aa, na hakuna aliyecheka, wala mtu hakusogea.

Nikamnyooshea sahani mtani wangu.

"Niongeze," nikasema.